Mbaya wa Wiki na Mkewe

Mchungaji, Mheshimiwa Waziri mstaafu, wanahabari mliojaa hadi uani, na ninyi majirani wa Little Sallow, historia hii inasomwa na Enid Maskell, shemeji wa marehemu, kwa kuwa katika familia hakuna mwingine aliyebaki wa kuisoma.

Marehemu Lambert Oxtoby alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini Ipswich, mtoto wa pekee wa mwenye bucha, baba ambaye marehemu alimwonea haya maisha yake yote huku soseji zake akizila bila haya yoyote. Alipata ufadhili wa shule ya bweni ya watoto wa wenye nazo, akajifunza Kilatini na kuwacheka watu, na hilo la pili ndilo alilofaulu zaidi. Mwaka 1953 aliajiriwa na gazeti moja la London, na tarehe 3 Juni 1961, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Hester, dada yake Enid, aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa shule yetu. Hawakujaliwa watoto, ila Hester aliwaita watoto wa shule nzima wanangu, na wengi wao mmekaa humu.

Mwaka 1967 marehemu alitoa riwaya yake ya *Mbaya wa Wiki*, inayomhusu mhariri ambaye kila Jumatatu humchagua raia mmoja asiye na kosa la maana, nchi nzima ikamchukia mpaka Ijumaa, na Jumamosi gazeti likamsamehe, ili nafasi iwe wazi kwa mwingine. Aliiandika kuwakejeli wanahabari, nao wakaipenda mno. Kijana mmoja, Conrad Peake, aliisoma akiwa shuleni, na alipokabidhiwa gazeti la kuhariri hakuona sababu ya kubuni utaratibu mwingine ilhali huu ulikuwa umeshaandikwa, tena vizuri.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba 1986, mbaya wa wiki alikuwa Hester. Kosa lake ni kuahirisha igizo la Krismasi kwa sababu nusu ya malaika walikuwa na surua, na gazeti la Peake likatangaza kwamba Suffolk kuna mwalimu anayemchukia Mtoto Yesu. Jumanne hawakuletewa maziwa, Jumatano mtu alisukuma kinyesi cha mbwa kwenye tundu la barua mlangoni, na baadhi yenu mliovaa nyeusi leo mlivuka barabara ili msikutane naye. Alhamisi wanahabari walijaa langoni, wakamwona marehemu, wakatoa nakala za riwaya yake kwenye makoti, wakaomba sahihi, naye, jamani, akarudi ndani kuchukua kalamu yake nzuri, maana ilikuwa miaka tangu mtu amwombe.

Hester, koti juu ya nguo ya kulalia, alimshika mkono wa kalamu.

"Lambert, wewe watakusikiliza. Waambie ulikuwa unatania."

"Mzaha ukiuelezea umeuua, mpenzi. Vumilia tu, Jumamosi watakusamehe."

"Na nisipofika Jumamosi?"

"Kila mtu hufika Jumamosi," marehemu alisema, akatoka kwenda kutia sahihi.

Ijumaa, tarehe 12, Hester alianguka jikoni, moyo ukasimama kabla birika halijachemka, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Kesho yake gazeti lilimsamehe, ukurasa wa saba, chini ya matokeo ya mpira.

Riwaya ilirudi madukani, na leo vyuo vya uandishi wa habari vinaifundisha bila kucheka. Peake aliingia bungeni, akawa waziri, akauhamishia utaratibu serikalini, Jumatatu moja wanaojifanya wagonjwa, nyingine walimu, nyingine wageni, na ndiye aliyependekeza marehemu apewe nishani ya taifa. Yuko kiti cha pili hapo, karibu sana Mheshimiwa, chai ipo.

Februari 2018 marehemu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na Enid akahamia kumuuguza, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, hakumnyima chochote ila kimoja. Mwezi wa mwisho marehemu alibaki na swali moja tu, shemeji, leo siku gani, akiuliza asubuhi, akiuliza anapogeuzwa kitandani, machozi yanamtoka, kwa kuwa alikuwa anaingoja Jumamosi, na kila mara Enid alimjibu, kwa upole kabisa, kwamba leo ni Jumatatu.

Aliaga dunia tarehe 12 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake. Ilikuwa Jumamosi, na hakuambiwa.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, majirani, ambao safari hii mmevuka barabara kuja upande wetu, na wanahabari wenzake, kwa kurasa nzima za sifa. Kwenye mazishi ya Hester hakuja hata mmoja wenu. Mliomba mazishi yafanyike mwisho wa juma ili ratiba zenu ziruhusu, na Enid akakataa.

Pumzika kwa amani, shemeji. Leo ni Jumatatu.