Nilishuhudia Kabla ya Kupona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo naomba msinipigie makofi mpaka nimalize. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nawadanganya.

Kwa wageni, mimi ni Baba Neema wa Itetemia, na kazi yangu ni kuzamia. Najua mnacheka. Mzamiaji Tabora, bahari iko wapi? Lakini maji ya bombani yanatoka bwawani, na kule chini, kwenye mdomo wa bomba, kuna chujio la chuma linalozibwa na majani na matope. Lazima mtu ashuke alisafishe. Kazi hii nilijifunza Kigoma, ziwani, mwisho wa njia ile ile ya misafara waliyoitembea babu zetu na mizigo kichwani. Nikarudi nayo nyumbani, na imewalisha watoto wangu miaka mingi.

Siku ya ajali tulikuwa tunalipandisha chujio kwa mnyororo. Ndoano ikachomoka, mnyororo ukaruka na kunipiga usoni. Ndugu zangu, wakati ule sikusikia hata maumivu! Niliona damu kwenye maji nikajiuliza ni ya nani. Mfupa wa shavu la kushoto ulivunjika, na ukuta mwembamba ulio chini ya jicho nao ukavunjika. Nikapasuliwa, nikawekewa vibati na skrubu. Daktari, mama mmoja mpole, alinikataza kupenga kamasi kwa nguvu, na akasema nisizamie mpaka apige picha nyingine na kuridhika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Uvimbe ulipopungua nilikuja hapa nikasema nimepona kabisa, na kwamba daktari mwenyewe ameshangaa na kuniruhusu kurudi majini. Hakushangaa. Hakuwa ameniona tangu nitoke wodini. Mlikuwa mmefunga na kuniombea siku nyingi, nikaona aibu kusimama mbele yenu na uponyaji wa nusu. Niliona kama namwaibisha Mungu. Hebu fikirini kichwa cha mtu: nadanganya ili kumsaidia Mungu!

Sasa kuna mtu mnayepaswa kumjua. Mzee Idrisa wa Kanyenye ni seremala, Mwislamu wa swala tano, na ndiye anayenishikia kamba. Mzamiaji hufungwa kamba kiunoni, na mwenzake hukaa juu ameishika. Ukivuta mara moja, uko salama. Ukivuta mara tatu, anakutoa. Baada ya ajali mzee huyu alikataa katakata kunishusha mpaka daktari aseme. Lakini wiki moja baada ya ushuhuda wangu alinipigia simu mwenyewe, akasema twende kazini.

Asubuhi ile, tukiwa ndani ya boti, nilimwuliza kilichombadilisha. Alikuwa ananifunga kamba, hakuinua hata macho.

"Jirani yangu anasali kwenu," akasema. "Ameniambia umesema madhabahuni kwamba daktari amekuruhusu. Mtu hasemi uongo mahali pale, Baba Neema. Ndiyo maana nimekuja."

Nilipigwa na butwaa! Uongo wangu ulikuwa umetoka kanisani, umepita Kanyenye, umenitangulia bwawani. Pale pale ningesema ukweli. Badala yake nikavaa miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua, nikaingia majini.

Sikufika hata mita moja. Maji yakaanza kuingia ndani ya miwani, upande wa kushoto. Miwani ile ile niliyoivaa miaka yote! Kumbe shavu lilikuwa limebonyea kidogo, mpira wa miwani haukulishika vizuri tena. Nikailaani miwani ile. Mzamiaji akiingiwa na maji huyatoa kwa kupuliza kwa pua, nami nikapuliza. Nikasikia kitu kinatatarika chini ya jicho, kope zikavimba kama andazi kwenye mafuta, jicho likafumba. Nikavuta kamba mara tatu.

Mzee Idrisa alinivuta botini. Akautazama uso wangu. Nikamwambia, "Mzee, daktari hajaniruhusu. Nilidanganya."

Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea. Aliikunja kamba taratibu mpaka ikaisha.

"Kwa hiyo leo ungefia mikononi mwangu," akasema, "na mimi ndiye ningeulizwa."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko mnyororo.

Hospitalini yule mama daktari alinionyesha picha. Ukuta ule haukuwa umeunga, na hewa niliyopuliza ilikuwa imepenya mpaka kwenye tundu la jicho. Kule chini, mita nane, ningepuliza tu, maana masikio yakibanwa lazima upulize. Na hewa ya kule chini hutanuka unapopanda. Ingelibana jicho mpaka lipofuke. Nilikaa kwenye kiti nikikumbuka nilivyoilaani miwani. Kuvuja kwake ndiko kulikonirudisha juu! Nimeomba mara nyingi kazi iende vizuri. Siku hiyo Mungu aliniokoa kwa kuiharibu.

Miezi iliyofuata sikuzamia. Nilikuwa naranda mbao kwenye karakana ya Mzee Idrisa, na mwanzoni alinisemesha kuhusu mbao tu. Picha ya mwisho ilipokuwa nzuri, daktari aliniandikia karatasi. Mzee alivaa miwani yake ya kusomea, akaisoma mara mbili, akaenda kuichukua kamba.

Wiki iliyopita nilishuka mita nane, na miwani mpya. Nikafika kwenye chujio, nikalishika, nikalia machozi ndani ya miwani. Nikavuta kamba mara moja. Na kule juu, ndugu zangu, naye akavuta mara moja.

Shavu hili bado lina ganzi. Nikinyoa hapa sisikii wembe. Hilo sijaponywa, na nasema wazi. Mpendwa, umepona nusu? Njoo useme nusu. Mtegemee Mungu hata kwa ile nusu iliyobaki, maana hahitaji tumfunikie kitu.

Mzee Idrisa amekaa pale nyuma, karibu na mlango. Nilimwomba aje asikie kwa masikio yake. Mzee, shikamoo. Niliyoyasema leo ni kweli yote.

Sasa, ndugu zangu, kama mtapiga makofi, pigeni.