Chaki ya Mama Mageti

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye, angekuwa hai, asingeamini hata neno moja la kipindi hiki mpaka alisikie mara mbili. Kwa hiyo yale ya muhimu nitayasema mara mbili, kwa heshima yake.

Tulimwita Mama Mageti. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ya mageti na madirisha ya chuma nyuma ya soko. Mama Mageti, fundi wa kuchomelea. Ametutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kifua. Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu, na pikapu nyeupe iliyochoka kidogo. Habari yetu ya leo imo kwenye bodi la pikapu hiyo, kule nyuma panapopakiwa mzigo.

Tusimpambe kwa kuwa amefariki. Marehemu alikuwa mtu wa kushuku. Muuza vyuma akimpimia, yeye anapima tena. Mjukuu akisema ana homa, yeye anamgusa shingo kwanza. Binti yake anacheka huku anafuta machozi akisimulia: "Nikimwambia mama nimeshakula, alikuwa anakwenda kuangalia sufuria."

Dereva wa pikapu alikuwa mkwe wake, mume wa binti huyo. Mpole, mtu wa maneno machache. Na kwa Mama Mageti, mtu wa maneno machache ni mtu anayeficha mengi. Siku anamkabidhi ufunguo alimwambia mbele ya mafundi wote, "Baba, gari hili linabeba chuma. Halibebi ukoo." Mkwe akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Nimekuelewa, mama." Wasikilizaji, neno hilo likumbukeni. Gari linabeba chuma, halibebi ukoo.

Siku moja mkwe akaja na ombi. "Mama, bodi linachubuka. Tuweke kitu cha kulikinga pale chini."

Ni kweli lilikuwa linachubuka. Geti lina pembe, na kila pembe ilikuwa imeondoka na rangi yake. Kutu ilishaanza kuchungulia. Mwenye gari mwingine angefurahi kupata dereva anayejali. Mama Mageti machale yakamcheza.

Sababu ni kwamba lile bodi tupu lilikuwa shahidi wake. Alilisoma. Geti linaacha mchubuko mrefu, dirisha linaacha mikwaruzo mifupi, mchanga unasugua mahali pamoja. Kila jioni alisimama nyuma ya gari, mikono kiunoni, akaangalia siku ilivyokwenda. Leo dereva anataka sakafu ifunikwe. Dereva anayetaka kufunika sakafu, alijiambia, ana jambo lake kwenye sakafu hiyo.

Hata hivyo walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya magari. Muuzaji akaanza na beseni la plastiki ngumu, limefinyangwa kwa umbo la bodi, unalitumbukiza tu.

"Na chini yake nitaona nini?" akauliza Mama Mageti.

"Hutaona kitu, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Huo ndio ubaya wake."

Na hapo alikuwa na hoja, tusimnyime haki yake. Maji na mchanga huingia chini ya plastiki. Gari likitikisika, plastiki inasugua rangi, na kutu inakula kimyakimya. Siku unagundua, kidole kinapita upande wa pili. Muuzaji akahamia kwenye rangi nzito ya kupuliza, ile inayokauka ikawa ngumu na kukwaruza, haibanduki. Akaeleza kwamba kwanza wanakwangua kutu yote. "Mnakwangua mimi nikiwepo, au nikishaondoka?" Muuzaji akaonyesha mbao. Mbao je? Mbao zitapasuka kwa uzito wa mageti, na zikilowa haziishi kunuka.

Mkwe wakati huo alikuwa pembeni, kwenye zulia nene la mpira lenye matuta madogomadogo. Alilibonyeza kwa kidole. Akalikanyaga kwa kiatu, akasukuma mguu mbele. "Mpira huu hapa, mama. Huu hautelezi."

Mama Mageti akampa jicho. Mageti yanafungwa kamba. Sasa kutoteleza ni kwa faida ya nani? Wakarudi mikono mitupu.

Wiki hiyohiyo akaziona alama nne. Ndogo, za mviringo, zimekaa pembe nne. Si geti. Si dirisha. Alama nne, na hakuzijua.

"Jana ulibeba nini, baba?"

"Mageti, mama."

"Na nini tena?"

Mkwe akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha gari. Mama Mageti akamfuata binti yake jikoni. Binti akainama kufunga kiatu cha mtoto, kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Mama akasimama pale, akamtazama. Hata huyu yumo.

Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Akimfukuza mkwe, binti ataondoka na mumewe, na wajukuu wataondoka na mama yao. Alilijua hilo. Akinyamaza, ataibiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hilo pia hakuliweza. Msaidizi wake wa karakana anakumbuka alivyomwambia: "Nikimkamata, anatoka hapa. Na nikibaki peke yangu, basi nibaki."

Ndipo akatega mtego. Mafundi wa chuma huchora kwa chaki kabla ya kukata. Asubuhi moja mkwe hajafika, Mama Mageti alisaga chaki, akaipaka kwa kitambaa sakafu nzima ya bodi. Gari jeupe, sakafu iliyochubuka, nani atajua? Chochote kitakachowekwa pale kitajiandika chenyewe. Siku hiyo hakuchomelea hata kona ya dirisha. Alikuwa anasubiri gari lirudi.

Lilirudi jioni. Mkwe akaliacha, akaaga, akaenda zake. Mama Mageti akafungua mlango wa nyuma.

Alama nne zilikuwepo. Ila safari hii kila alama ilikuwa imevutwa, mstari mrefu kuelekea upande mmoja. Kitu kilikuwa kimeteleza. Na pale mistari ilipoishia, karibu na ukingo, kulikuwa na kiganja. Kiganja cha mtu, kimekandamizwa kwa uzito wote. Kidogo, cha mwanamke. Kidole cha mwisho hakikugusa chini, kilikuwa kimekunjwa.

Aliujua mkono huo. Siku ya harusi ya binti yake ulimshika na haukutaka kumwachia. Ulikuwa mkono wa mama mzazi wa mkwe wake, ambaye kidole chake cha mwisho hakinyooki.

Mama huyo alikuwa amevunjika nyonga. Mama Mageti alizisikia habari hizo, akatuma pole kwa mdomo wa watu, hakwenda. Sasa akaelewa. Nyonga haikunjiki, kiti cha mbele cha pikapu kiko juu, mgonjwa hawezi kupanda. Kwa hiyo walimkalisha kwenye kiti cha jikoni, wakamnyanyua na kiti chake mpaka nyuma, mwanawe akampeleka hospitali kwa mazoezi, mwendo wa taratibu. Alama nne zilikuwa miguu ya kiti.

Kisha akagusa sakafu na kuangalia ncha ya kidole chake, nyeupe. Fundi gani asiyejua kwamba bati lililojaa vumbi la chaki linaponyoka mkononi? Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake waziwazi: "Mimi ndiye niliyemwangusha yule mama. Mimi na chaki yangu." Aliona aibu hiyo mpaka mwisho.

Asubuhi mkwe alikuta bodi limeoshwa.

"Mama yako anaendeleaje?"

Mkwe alimtazama, naye sasa akitafuta mtego uko wapi. "Ameumia mkono, mama. Si sana. Kiti kiliteleza."

"Kwa nini hukuniambia unambeba?"

"Ulisema gari halibebi ukoo."

Mama Mageti akajikaza. "Nilipaka chaki."

"Niliiona, mama. Wakati nampangusa mama yangu mikono. Yeye sikumwambia."

Alijua, wasikilizaji. Alijua, na akamfichia mama mkwe wake.

Siku hiyohiyo walirudi dukani. Mama Mageti akaagiza zulia la mpira, litandikwe bila gundi ili liweze kuinuliwa. Likatandikwa. Akaomba kiti. Akapanda, akakikalia, akamwambia mkwe azunguke uwanja wa duka na kufunga breki ghafla. Akafunga. Kiti hakikusogea. Muuzaji akauliza, "Mama, si ulisema unabeba mageti?"

"Na mama wa mkwe wangu," akajibu kutoka huko juu.

Msidhani alibadilika akawa malaika. Kila jioni aliinua pembe ya zulia akachungulia. Mkwe alimtania, "Mama, bado unanishuku?" Naye akamjibu, "Sasa nashuku maji." Maana hata mpira ukiachwa bila kuinuliwa, maji hukaa chini yake na kutu haina huruma.

Siku ya mazishi jeneza lilisafiri kwenye pikapu hiyo, juu ya zulia hilo. Pembeni yake, kwenye kiti cha jikoni, alikaa mama wa dereva. Mkono wenye kidole kilichokunjwa ulikuwa juu ya kifuniko, njia nzima.

Kwa binti, kwa mkwe, kwa wajukuu na mafundi wa karakana, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu wa nyumbani kwako uliyemmwagia chaki leo, mfuate umuulize kabla hajapita juu yake.

Binti ametuomba tuseme na hili. Jioni waliporudi makaburini, alimkuta mumewe peke yake nyuma ya gari, ameinua pembe ya zulia. Akamuuliza anatafuta nini.

"Mama angeuliza kama maji yameingia," akasema, akaendelea kupangusa.