Wasifu wa Mwalimu Nahumu Kaduma, Mtazama Korongo

Leo, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, tunamzika Mwalimu Nahumu Kaduma. Mimi ni Beatha, mdogo wake. Nitasoma yaliyo kweli, hata kama wengine mmekuja kusikia sifa za juu juu.

Marehemu alizaliwa Mdandu tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa Mzee Yosefu na Mama Hulda. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari Njombe, kisha akasomea ualimu.

Alifundisha Makambako kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2018. Kila mwaka aliwaleta wanafunzi kwenye kinamasi cha hifadhi kinachopakana na shamba lake, watazame korongo, ndege wale wa miguu mirefu. Watoto walikaa kimya. Ninyi watu wazima ndio mlioshindwa.

Tarehe 5 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Prisila. Jumapili baada ya ibada walikwenda wote wawili kutazama ndege, nanyi mkasema wamerogwa.

Jumatatu ya Pasaka mwaka 2023 alikaribisha ukoo mzima. Mlikuja na spika na mbuzi wa kuchoma, mkauliza simba wako wapi. Korongo wawili walipotokea majanini, Nahumu aliomba mnyamaze kidogo tu. Shadrack, mdogo wetu wa mwisho, akauliza kama wanalika. Mkacheka mpaka ndege wakaruka. Niliona aibu kuwa ndugu yenu. Nahumu hakufoka, aliokota mifupa mliyotupa.

Aliugua moyo tangu Novemba, akalazwa Njombe, akafariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 9 Juni. Neno lake la mwisho kwa Prisila lilikuwa, "Wasichimbe."

Aliwajua watu wake. Jana, mwili ukiwa bado mochwari, Shadrack alikuwa ukingoni mwa kinamasi akigawa vinyungu, hizi bustani zetu za bondeni za kiangazi, kuanzia shamba la marehemu mpaka ndani ya hifadhi. Eti mlinzi ameshakufa. Mtu ambaye mashamba yake mwenyewe yamejaa magugu!

Haya, sikilizeni. Shamba ni la Prisila, na amesema halichimbwi. Nimesema hili mbele ya mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, asije mtu kudai hakusikia.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Erica na Amon, wajukuu, na sisi wadogo zake, mimi na Shadrack.

Shadrack, jembe ulilokuja nalo leo ni la kumfukia kaka yako. Ukimaliza, rudi nalo nyumbani.

Mwalimu, lala salama, Mungu akupe utulivu tuliokunyima.