Safari ya Kiguu, Mpima Njia Aliyechelewa Kukaa

Ndugu, jamaa, majirani, na wanakikundi wa Twende Sote, familia imemtuma mpwa wa marehemu asimame hapa awasomee maisha ya mjomba wake, naye anawaomba radhi mapema ikiwa maisha haya yatamponyokaponyoka mkononi, maana mwenyewe hakuwahi kutulia mahali pamoja, na ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, hata watoto wake wa kuwazaa walilisikia jina lake la kwenye cheti siku ya kuandikishwa shule tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machimbo ya mawe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi muashi na mkunga, akimfuata dada yake, ambaye sote, hata mpwa huyu aliyemzaa, tunamwita Mwalimu, na ambaye yuko hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa kuwa polio ilimpitia angali ananyonya na hakuwahi kutembea. Mkunga, mama yao, alikuwa akisema kwamba miguu ya watoto wawili alipewa mmoja, kwamba huyo mmoja alisimama dede kabla ya wenzake wote, na kwamba hatua yake ya kwanza aliipiga kuelekea mlangoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, siku ileile na dada yake, ingawa dada alimzidi miaka mitatu, kwa sababu wazazi walisubiri mpaka apatikane wa kumsukuma, na chombo cha kumsukumia kilikuwa toroli la baba, lililooshwa saruji kila asubuhi na kutandikwa gunia. Njia ya shule ilikuwa na mteremko mmoja mbaya, uliochimbwa makorongo na mvua, na Kiguu, ambaye kwenda polepole hakukujua, alimmwaga dada yake pale wiki ya kwanza, akammwaga tena wiki ya pili, mpaka dada, akiwa amekaa kwenye tope na sare mpya, akamwambia ama atengeneze njia ama ajifunze kutembea kama watu, naye, la pili likiwa limemshinda, akachukua jembe la mama na vifusi vya baba, akafukia makorongo, akayageuzia maji pembeni. Hiyo ndiyo njia yake ya kwanza, na wenye baiskeli waliifurahia miaka mingi bila kujua ni ya nani.

Walimaliza shule ya msingi pamoja mwaka 1971 na sekondari mwaka 1975, dada akaenda kusomea ualimu wa hesabu, yeye akaenda chuo cha upimaji ardhi, akapata cheti mwaka 1977, na Machi 1978 akaajiriwa katika idara ya barabara, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2017. Wakubwa zake walimpenda akiwa porini na wakamvumilia akiwa ofisini, ambako kiti chake kiligeuka pa kuanikia makoti ya mvua ya wenzake, kwa kuwa mwenye kiti alikuwa daima dirishani, au koridoni, au tayari yuko kwenye gari, na akiulizwa alijibu kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, na dada yake akiwapo alimjibu kwamba mwenda pole hajikwai, na wawili hao waliendelea kurushiana methali hivyo kwa zaidi ya nusu karne bila mmoja kumshinda mwenzake.

Tarehe 15 Septemba 1984 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekuwa amemfahamu kwa kumshonea viraka vya magoti, tena suruali ileile, na siku hiyo ya harusi bwana arusi alipotea katikati ya shughuli, akatafutwa, akakutwa nyuma ya ukumbi ndani ya suti, anachimba mfereji kwa kisigino ili maji ya mvua yaache kuingia chini ya ngazi. Bibi arusi hakununa, alivua viatu, akamshikia koti, akamwambia kwamba amalize haraka, watu wanataka kula. Mungu aliwajalia watoto watatu, mabinti wawili na mvulana, waliozaliwa mwaka 1986, 1989 na 1994, na wote walikua wakikimbia nyuma ya baba yao, mama akiwashonea mifuko mipana ya kubebea chakula, kwa kuwa baba akisema twende dukani mara moja, hakuna aliyejua watarudi jua liko wapi.

Kikundi cha Twende Sote kilizaliwa mwaka 2001, siku ambayo Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye mlima wenye msitu juu ya mji, wao wakapanda, yeye akabaki ndani ya basi kama ilivyokuwa kila mwaka, na jioni, kaka mtu alipopita kumsalimia na kumuuliza mlima ulikuwaje, akajibiwa kwamba mlima hajui, yeye ni mlinzi wa mikoba. Kiguu aliaga bila kumaliza chai, na kesho yake alikuwa mlimani na kamba na vigingi, anatafuta mteremko ambao kiti kinaweza kuupanda bila kubebwa, kwa sababu dada yake hakutaka kubebwa.

Wakaja watu, mmoja mmoja, seremala aliyepoteza macho ukubwani na ambaye sote tunamwita Randa, dada muuza mitumba asiyesikia, wenye magongo, wenye miguu mizima na moyo mzito, na hapakuwa na mgeni wala mtazamaji, kila mtu alikuwa na kazi, kupanda miti ya asili, kung'oa magugu yaliyokuwa yakiula msitu, kuziba njia za mkato zilizokuwa zikiumomonyoa mlima, kuchimba mifereji, kufunga kamba ambayo asiyeona angeishika kutoka chini mpaka juu. Sheria yao ilikuwa moja, kwamba njia haifunguliwi mpaka anayekwenda polepole kuliko wote aipite wa kwanza, wengine wakimfuata nyuma, na Kiguu aliitunga sheria hiyo mwenyewe, na hakuna aliyeteseka nayo kama yeye, alikuwa akitembea nyuma ya watu huku anarukaruka kama mtu aliyebanwa na haja.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jukwaa la mbao la kule juu, mahali ambapo mlima unakatika na bonde lote linaonekana, mto, mashamba, na mapaa ya mji, na ukuta wake wa kuzuia watu wasianguke ulijengwa na Randa kwa mikono yake, mbao zimebanana pasipite hata mguu wa mtoto, urefu umefika kifuani pake, sehemu ambayo mkono wa asiyeona unatua wenyewe, na akaulainisha mpaka watu wakawa wanaupapasa kwa kuupenda tu. Jukwaa lilifunguliwa Jumamosi ya tarehe 6 Juni 2009, Mwalimu akatangulia kama sheria inavyosema, magurudumu yakapita, kona ikatosha, akageuza kiti bila kugusa kitu, watu wakapiga makofi, na siku hiyo ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote, kwa hiyo hakuna aliyeona chochote, na hakuna aliyegundua kwamba mwenye kiti asingeona hata ukungu ukiondoka.

Mwalimu aligundua safari iliyofuata, jua likiwaka, alipowasikia wenzake wakisema angalieni mto, naye mbele ya uso wake pana mbao. Hakusema siku hiyo, kwa sababu Randa alikuwa pembeni yake anausifia ukuta wake, lakini alimwambia kaka yake, kwa siri, na kaka akashtuka kwelikweli, akasema Jumatatu watakuja na msumeno, na Jumatatu ilipofika mvua ilikuwa imebomoa njia ya upande wa pili, na baada ya hiyo palikuwa na daraja, na baada ya daraja palikuwa na miche, na kila Mwalimu alipokumbusha alipewa Jumatatu nyingine, na siri ikawafikia wote isipokuwa Randa. Alichokitaka dada huyu hakikuwa kikubwa, alitaka siku moja yeye na mdogo wake wakae pale juu pamoja walitazame bonde, lakini kila walipofika mdogo mtu alimwegesha, akamwambia anakuja sasa hivi, akaenda kukagua mfereji. Na kwa kuwa Kiguu hakuwahi kukaa kwenye jukwaa lile hata mara moja, macho yake hayakuwahi kushuka mpaka pale yalipo macho ya dada yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, viatu vikamkataa, na madaktari wakakuta moyo umechoka, wakamwagiza apumzike, neno ambalo yeye alilisikia kama tusi, na alipolazwa mara ya kwanza wauguzi walimkuta kwenye njia ya kupandishia vitanda, chupa ya dripu mkono mmoja, anaupima mteremko kwa kutazama maji ndani ya chupa, akawatangazia kwamba mwenye kiti hapandi hapa bila kusukumwa. Kufikia katikati ya mwaka huu wa 2023 hakuweza tena kupanda ngazi za nyumbani kwake, mke wake akamnunulia kiti cha magurudumu, akamshonea na mto wa kukalia, akamwambia kwamba sasa na yeye atajua.

Jumamosi ya tarehe 19 Agosti aliomba apelekwe mlimani, na wanakikundi wakawasukuma ndugu hao wawili, dada mbele, kaka nyuma, mpaka jukwaani, wakawaegesha bega kwa bega. Kiguu alitazama mbele, akatazama kulia, akajaribu kujiinua kwa mikono, ikagoma. Dada yake, ambaye alikuwa amesubiri miaka kumi na minne, alimwambia taratibu kwamba watu husema macho hayana pazia, lakini ya kwake yeye yalipigiliwa mbao. Marehemu alilia pale, mbele ya watu, na mpwa wake anayesoma haya hakuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo.

Randa akauliza kuna nini, ikabidi aambiwe, naye hakuumizwa na habari ya mbao, aliumizwa kwamba watu wote walijua isipokuwa yeye, akasema kwa sauti ya chini kwamba mbao ni mbao, mngeniambia, kwani mimi hapa mgeni, na kweli, kikundi kilichojivunia kutomfanya mtu yeyote mgeni kilikuwa kimemfanya yeye mgeni kwa kumhurumia. Mmoja akasema msumeno utaletwa Jumatatu, Kiguu akajibu kwamba Jumatatu anaijua vizuri, basi ukafuatwa chini mara hiyohiyo, na Randa akakataa kumpa mtu mwingine, akapapasa, akauliza macho ya Mwalimu yako wapi, Mwalimu akamshika mkono akamwonyesha, naye akakata dirisha pana, akaacha mbao ya juu ibaki mahali pake kwa ajili ya mikono kama yake.

Wakakaa. Kiguu aliona mto, akaona mashamba, na upande wa pili wa bonde akaona mahali ambapo maji yameanza kuchimba, akainua kidole na kufungua mdomo, dada yake akamwekea mkono juu ya goti, naye akakishusha kidole, na walikaa hivyo mpaka kivuli cha mlima kikafika mjini, bila methali hata moja.

Marehemu alirudishwa hospitali tarehe 2 Septemba, na alfajiri ya tarehe 7 Septemba 2023 aliaga dunia, mke wake akiwa ameushika mguu wake, kwa kuwa alizoea kumshika hapo ili asiende. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na njia ambazo nyingi mmeshazikanyaga bila kumfikiria.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao kwa mgonjwa asiyelala kitandani, inawashukuru majirani ambao mlango wao haukufungwa tangu msiba huu utufike, waliokuwa wenzake wa idara ya barabara, ambao wameleta kile kiti chake cha ofisini na kukiweka pale mlangoni, na Twende Sote, waliompandisha na kumshusha. Tukitoka hapa tutakwenda makaburini kwa sheria ya kikundi, Mwalimu atatangulia na sote tutafuata mwendo wa kiti chake, jeneza nyuma, na safari hii mjomba hana namna ya kutupita.

Dada yako amesema tukuambie kwamba bonde ameliona, na kwamba wewe ulikuwa pembeni yake. Basi kaa, mjomba. Kaa upumzike, amani ikuegeshe pazuri.