Chungu Chini ya Kizingiti

VENERANDA: Haloo? Haloo, Tabora? Nani huko anayepumua tu?

NIKOLAUS: Stesheni ya Tabora, karani Nikolaus. Na huko ni nani? Simu hii ni ya kazi, si ya—

VENERANDA: Ni Veneranda, mke wa katekista Anselm wa Igalula. Bwana stesheni wa huku ameniruhusu. Mume wangu yuko hapo anangoja gari la moshi. Niitie, kaka yangu.

NIKOLAUS: Yule aliyekaa na padri kwenye benchi? Mbona sauti yako hivyo, mama? Kuna msiba?

VENERANDA: Bado. Niitie.

NIKOLAUS: Haya, shika hapo. Mwalimu! Mwalimu Anselm, simu yako!

(Nyayo. Laini inakoroma.)

ANSELM: Haloo? Mama Wensi? Tumsifu Yesu Kristo.

VENERANDA: Milele, amina. Padri yuko karibu nawe?

ANSELM: Yuko hapa mlangoni, anasoma sala zake. Si ndiyo tunakuja kuibariki nyumba? Kuna nini? Tumbo? Usiniambie umeanza kuumwa kabla ya—

VENERANDA: Tumbo salama. Mtoto anacheza. Ni nyumba.

ANSELM: Nyumba imefanya nini?

VENERANDA: Fundi Mayala alitaka kumwaga sementi pale kizingitini, padri asikanyage vumbi. Akachimba—

ANSELM: Kizingitini! Nilisema mlango mkubwa asiuguse mtu mpaka nirudi!

VENERANDA: Ulisema. Mara tatu ulisema. Nikasahau kumwambia.

ANSELM: Sasa... ameona nini?

VENERANDA: Nimesema ameona kitu?

ANSELM: Aa, nauliza tu. Simu ya stesheni haipigwi kwa sababu ya sementi, mke wangu.

VENERANDA: Haya. Ameona chungu kidogo, kimefunikwa kigae. Ndani mna mizizi, kucha za mnyama gani sijui, na unga mweusi.

(Laini inakoroma.)

VENERANDA: Baba Wensi?

ANSELM: Nipo, nipo. Laini mbovu hii. Yesu na Maria! Uchawi huo. Kuna mtu anatutakia mabaya.

VENERANDA: Nani?

ANSELM: Nitajuaje mimi?

VENERANDA: Wenzako wameshajua, hawakukungoja. Wamemkamata Bibi Nyamizi.

ANSELM: Jirani yetu?

VENERANDA: Huyo huyo. Mayala alipopiga yowe, kijiji kizima kikajaa uani. Mmoja akasema bibi alionekana alfajiri akizungukazunguka mlangoni kwetu. Alikuwa anafukuza mbuzi wasilambe ukuta wetu mbichi! Lakini nani wa kusikia? Kikongwe, mjane, hana mtoto, hajabatizwa. Wanasema ndiye aliyewala watoto wetu wawili.

ANSELM: Yuko wapi sasa?

VENERANDA: Hapa nje ya stesheni, wamemkalisha kwenye kokoto. Mwanangwa Bundala, mkuu wetu wa kijiji, amesimama mbele yake asipigwe, lakini hawezi kuwazuia vijana kutwa nzima. Wengine wameshapanda juu ya kibanda chake, wanang'oa nyasi. Wanasema jua likifika utosini awe amehama, la sivyo wanachoma.

ANSELM: Basi aende kwa ndugu zake, kwa muda tu. Mambo yakipoa—

VENERANDA: Ndugu gani? Babu yake alikuwa mpagazi, msafara wa pembe za ndovu ulimwacha hapa mgonjwa, na hawakurudi kumchukua. Bibi hana kwao pengine.

ANSELM: Masikini.

VENERANDA: Mwanangwa ametoa neno moja. Nyumba ni ya katekista. Katekista akisema bibi hana hatia, watamwachia. Ndiyo maana nimekupigia.

ANSELM: Nitasemaje jambo nisilolijua? Mimi niko Tabora!

VENERANDA: Hulijui?

ANSELM: Ah! Unaniulizaje hivyo?

VENERANDA: Kama mtu anavyouliza. Ile wiki fundi alipoweka mlango, mimi nilikwenda Isikizya kwa mama, siku mbili. Ulibaki na nani?

ANSELM: Peke yangu.

VENERANDA: Na yule mgeni wa Nzega, aliyekuja kununua nta ya nyuki? Bernadeta, mke wa fundi, alimwona. Anasema aliondoka mikono mitupu.

ANSELM: Macho ya Bernadeta hayana kazi nyingine? Mtu alikuja, hatukuelewana bei, akaenda zake. Na usinipandishie sauti, nimesimama na padri hapa.

VENERANDA: Umempa mgongo ili asisikie. Nakujua.

ANSELM: Tutaongea nikifika.

VENERANDA: Ukifika kibanda kitakuwa majivu. Tena sijamaliza. Kile chungu kilifungwa kitambaa shingoni.

ANSELM: Kitambaa gani?

VENERANDA: Mayala alipotimka nilikifungua kabla watu hawajafika, nikakificha kifuani. Hata Mayala hajui.

ANSELM: Kitambaa gani, Mama Wensi?

VENERANDA: Cheupe. Pindo lina maua matatu ya bluu. Ua la tatu limepinda, kwa sababu taa iliniishia mafuta nikamalizia kushona kwa kupapasa.

(Laini inakoroma.)

VENERANDA: Gauni la ubatizo la Wensi. Nilipomzika nililiweka chini kabisa ya sanduku, nikafunga. Ufunguo wa sanduku uko wapi, Anselm?

ANSELM: Mke wangu...

VENERANDA: Uko wapi?

ANSELM: Kiunoni mwangu.

VENERANDA: Ulilikata. Gauni la mwanangu. Ukachukua mkasi ukalikata, ukakunja kilichobaki, ukafunga sanduku, ukanikaribisha nyumbani ukicheka!

ANSELM: Mganga alitaka kitu cha marehemu. Nisikilize, taratibu, nakuomba. Tumezika wawili. Huyu wa tatu... Nilisali, Veneranda. Novena tatu, magoti yameota sugu! Na bado kila nikifumba macho naona kaburi dogo. Nikasema nizindike nyumba kwa dawa mara moja tu, nani atajua? Niliogopa. Niliogopa mno.

VENERANDA: Mimi ndiye niliyewabeba. Unadhani siogopi?

ANSELM: Najua.

VENERANDA: Hujui! Jumapili ulisimama mbele yetu ukasema anayelisikia neno asilitende amejenga juu ya mchanga. Ukawanyooshea kidole wanaovaa hirizi. Mama mmoja akaikata ya mwanawe palepale, kwa kukuamini wewe!

ANSELM: Usinimalize.

VENERANDA: Sikumalizi. Mwanangwa yuko hapa kando yangu. Nampa simu.

ANSELM: Ngoja! Padri amefunga kitabu, anakuja huku. Akisikia, ukatekista umekwisha leo hii. Tutakula nini? Mwambie wewe. Sema katekista amesema bibi hana hatia. Basi, inatosha.

VENERANDA: Watauliza umejuaje.

ANSELM: Sema... sema nimeonyeshwa katika sala.

VENERANDA: Anselm! Ningeweza kusema mimi. Kitambaa ninacho. Lakini sisemi. Sitaki mwanangu azaliwe kwa baba aliyesemewa na mkewe.

ANSELM: Nipe muda kidogo.

VENERANDA: Muda haupo. Gari la mizigo limetoka Goweko, bwana stesheni anaitaka laini yake. Shika, huyu hapa.

BUNDALA: Haloo! Haloo! Chombo hiki nakishika hivi, au hivi? Mwangaluka, mwalimu!

ANSELM: Mwangaluka, baba. Shikamoo.

BUNDALA: Marahaba. Sema upesi, huku watu wamechemka. Bibi tumfanyeje?

ANSELM: Mwachieni.

BUNDALA: Eee? Humu ndani kama mzinga wa nyuki!

ANSELM: Mwachieni! Hana hatia!

BUNDALA: Watasema umemhurumia tu, kwa kuwa wewe ni mtu wa dini. Chungu kimetoka wapi?

ANSELM: Kile chungu... Padri, samahani, ni simu ya nyumbani.

BUNDALA: Unaongea na nani?

ANSELM: Hapana, padri, usiondoke. Kaa hapo hapo, usikie na wewe. Mwanangwa! Kile chungu nilikizika mimi!

BUNDALA: Nani?

ANSELM: Mimi Anselm! Nilileta mganga kutoka Nzega, nikachimba mlangoni kwangu kwa mikono yangu hii. Bibi hajui lolote. Waambie wote, waambie kwa jina langu, na vijana washuke kwenye kibanda!

BUNDALA: Lo! Lo, lo, lo. Wewe, mwalimu?

ANSELM: Mimi, baba.

BUNDALA: Umetutia aibu. Nusura tumtupe mzee wa watu porini kwa ajili yako. Haya, nimesikia. Enyi! Enyi huko! Shukeni juu ya hicho kibanda! Mama, chukua chombo chako.

VENERANDA: Haloo? Ni mimi.

ANSELM: Wameshuka?

VENERANDA: Wanashuka. Mmoja anajifanya hasikii, mwanangwa anamfuata na fimbo. Padri je?

ANSELM: Amerudi kwenye benchi. Sijui kama gari likija atapanda na mimi.

VENERANDA: Panda wewe.

ANSELM: Watanitemea mate.

VENERANDA: Acha wateme. Na ukishuka tu, vua kanzu yako, upande juu ya kibanda cha bibi urudishe nyasi, kila mtu akuone.

ANSELM: Nitapanda. Na kile kitambaa, Mama Wensi, mimi—

VENERANDA: Usikitaje. Sijui nitakusamehe lini. Nikijua nitakuambia.

ANSELM: Sawa.

VENERANDA: Bwana stesheni ananivuta mkono, nakata. Hebu ngoja. Bibi Nyamizi yuko hapa dirishani. Amesikia yote, mwanangwa alipaza sauti.

ANSELM: Anasemaje? Ananilaani?

VENERANDA: Anauliza kama umekula. Anasema gari hilo huwa linachelewa, usije ukasafiri na njaa, mwanangu, anasema, atakuwekea—

(Laini imekatika.)

ANSELM: Haloo? Haloo, Veneranda? Mwambie... mwambie sijala.