Mpagazi wa Kiritiri

Benchi letu hapa Siakago liko mbele ya bucha ya Suleiman, tunayemwita Mbavu, na mwenye kuuza kahawa hapo ni mimi, Mwanatatu, mjane mwenye masikio makubwa. Asubuhi ile mvua ya usiku ilikuwa bado inachuruzika kwenye mabati. Polisi walikuwa wameshamwondoa mzee Rwamba kwenye baraza la duka la mahindi, amekufa kwa baridi. Miaka yote alikuja kwa miguu kutoka Kiritiri, mtungi wa asali mgongoni, gari hapandi. Sisi tulimwita Mpagazi. Basi badala ya kumlilia, wanaume wangu wa benchi wakagombania neno hilo.

— Mpagazi ni mtu amepagawa, akasema Mbavu. Mashetani ndiyo yanamtembeza.

— Wacha wewe! akaruka Kiogora, tunayemwita Redio. Wapagazi walikuwa kabila. Walinyang'anywa mashamba, wakaambiwa barabara ndiyo shamba lao.

— Kabila! Na chifu wao alikuwa nani?

— Alitangulia mbele. Mpaka leo hawajamfikia.

Mwirigi, karani mstaafu, akakohoa kama yuko ofisini.

— Mpagazi ni yule alibeba mizigo ya misafara, zamani kabla ya magari. Akifika jioni kwa mji wa watu, anapewa moto na uji. Jina anaulizwa kesho. Hiyo ilikuwa sheria ya huku.

— Na bado ni sheria! akasema Mbavu.

— Kabisa, akasema Redio. Mwenda pole hajikwai. Na yeye hakujikwaa, alilala tu.

Nikawachokoza kidogo.

— Mbavu, mbona jana usiku, hodi ilipopigwa, mbwa wako walibweka hivyo?

— Mbwa ni mbwa, mama. Muulize Redio kwa nini aliongeza sauti ya redio yake. Muulize na Karani, taa ya kwake ilizimwa na nani.

Hapo ndipo akaja mwanamke, matope hadi magotini, kibuyu mkononi.

— Hamjambo, wazee. Mimi ni Wawira, binti ya Rwamba. Nimetoka mochari.

— Pole, mama. Pole sana, wakasema wote pamoja.

— Asanteni. Baba alitusifia Siakago sana. Alisema hapa akibisha hodi mara moja, mlango unafunguka. Najua hata jana mlimlaza, akaamka mapema mno, akazidiwa njiani. Kwa mji wetu, nyumba ya mwisho iliyompa moto hupelekewa asali kwanza, ndiyo tuzike. Mama amekataa kaburi lichimbwe kabla sijarudi. Alilala kwa nani?

Redio akatazama viatu vyake. Mbavu akaingia buchani, na mteja hakuna. Mimi nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Wawira akatuangalia mmoja mmoja, kwa upole.

— Ni nyumba gani, wazee? Hata kama ni mbali, nielekezeni tu. Nitatembea.