Bibi Sahala na Ngoma Alizozikataa

Tumekutana leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, kumsindikiza mama yetu mpendwa, Tiominar Naibaho, ambaye tangu mjukuu wake wa kwanza, Sahala, azaliwe wote tulimwita Bibi Sahala. Wasifu huu umeandikwa na Lumongga, binti yake wa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1947 katika kijiji cha ukoo wake, karibu na Pangururan, kisiwani Samosir. Alisoma shule ya kanisa. Alipokuwa darasa la tatu alizaliwa mdogo wake, Jonggi, ambaye ni mjomba wetu, naye akatolewa shule ili amlee. Basi akawa anambeba mgongoni hadi kwenye dirisha la darasa, anasimama nje anasikiliza. Mwalimu akiuliza swali, jibu linatoka dirishani. Wenzake walipolalamika, mwalimu alimwambia aingie na mdogo wake wakae nyuma. Alikaa hivyo mpaka Jonggi alipoota meno na kuanza kutafuna vitabu vya watu.

Alijifunza kufuma kwa mama yake, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Shuka zake za ulos, vazi letu la baraka na heshima, zimefunika maharusi na wazazi wengi waliopo hapa. Anayefuma hufungwa kiunoni kwenye mti wa kufumia, hawezi kuinuka ovyo, na nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka ziwani. Kwa hiyo kila mtoto aliyeanza kutembea alifungwa uzi mguuni, na ncha ya pili mama aliifunga kwenye kidole chake. Uzi ukikaza, anauvuta. Marisi, kitinda mimba wetu, alijua kuufungua akamfunga kuku. Mama alifuma asubuhi nzima akidhani mwanawe ametulia, kumbe yuko kwa jirani anakula samaki wa pilipili.

Tarehe 6 Aprili 1969 alifunga ndoa na baba yetu, Waldemar Simbolon, mkulima wa vitunguu. Walijaliwa watoto wanne. Baba alitangulia mwaka 2003, na mama hakuacha kufuma hata msimu mmoja.

Januari mwaka huu alianza kuvimba miguu. Hospitali ng'ambo ya ziwa walisema ni moyo. Mwezi Mei alituomba tumrudishe nyumbani, nasi tulikuwa tukimwangalia kwa zamu.

Wazee mnajua, kwetu mtu akifariki watoto wake wote wameoa na kuolewa, na wajukuu wapo, huzikwa kwa heshima kamili, kwa ngoma na kucheza. Akibaki hata mmoja, heshima hiyo hupungua. Marisi ana miaka arobaini na moja na hajaoa. Kwa upendo wake kwa dada yake, Mjomba Jonggi alikuja na shauri kwamba Marisi amwoe binti yake, Renta, pale pale kando ya kitanda, kabla mama hajafumba macho. Ni binti wa mjomba, kwa desturi hakuna ndoa nzuri kuliko hiyo. Mchungaji alikuwa tayari ameulizwa. Tulidhani mama amelala.

“Jonggi,” alisema, “Renta umemuuliza?”

Mjomba akajibu kwamba binti ni msikivu.

“Sikukuuliza kama ni msikivu. Mimi nitachezewa ngoma siku moja, wao walale kitanda kimoja miaka arobaini. Hebu niache nife vizuri, wewe mtoto.”

Mjomba akamwambia watu watasema amekufa hajakamilika.

“Nimezaa wanne,” akasema mama. “Sijazaa watatu na nusu.”

Marisi alitoka nje. Baadaye alirudi, akamkanda miguu mpaka jioni.

Mama alifariki Jumanne tarehe 11 Juni saa kumi na moja alfajiri, sisi wote tukiwepo. Alhamisi wazee walikaa kuamua heshima ya maziko. Wengine walitaka Marisi aozwe haraka, mwili ukiwa bado ndani. Wengine walisema basi asisimame na ndugu zake mbele ya jeneza. Kwa desturi, neno la mwisho lilikuwa la ndugu wa kiume wa marehemu. Mjomba Jonggi akasema:

“Dada yangu alinikatalia akiwa hai. Sitamzunguka akiwa amekufa. Ngoma hakuna. Na Marisi ndiye atakayeshika kichwa cha jeneza.”

Marehemu ameacha watoto wanne: Lumongga, Saut, Rusmina na Marisi, wakwe watatu, wajukuu tisa, na mdogo wake Jonggi, ambaye jana alimfunika kwa shuka ya ulos mwenyewe, akaomba asisaidiwe.

Leo hamtasikia ngoma. Tutaimba kwa sauti zetu tu, na Marisi ndiye atakayeanzisha. Mama, umepumzika. Mungu akupokee kwa amani.